Kolesteroli ukiwa ughaibuni: soma majibu yako, usiache dawa

Kolesteroli, aina ya mafuta yaliyo kwenye damu, haiumi. Haileti kizunguzungu wala uchovu, ndiyo maana wengi huijua baada ya mshtuko wa moyo au kiharusi. Kipimo cha damu ndicho kitakachokuambia, kwa hiyo kiombe hata kama unajisikia mzima. Kwa kawaida hakuna haja ya kufunga, ila trigliseridi, mafuta mengine ya kwenye damu, zikiwa juu sana utaambiwa urudie kabla hujala.

Majibu yakija, tazama kwanza kipimo kilichotumika. Marekani huandika miligramu kwa desilita. Uingereza na Kanada hutumia milimoli kwa lita. Mwenye 200 Marekani na mwenye 5.2 Uingereza wako sawasawa. Ukihamia nchi nyingine, chukua majibu yako ya zamani. Namba ya kolesteroli ya Marekani igawanye kwa 38.67 upate ya Uingereza au Kanada.

Kisha usiishie kwenye jumla. Tafuta LDL, iitwayo kolesteroli mbaya, kwani hiyo ndiyo inayojipenyeza kwenye kuta za ateri, mishipa inayotoa damu moyoni, na kujenga utando wa mafuta. Utando ukipasuka, damu huganda hapohapo na kuziba njia. HDL, iitwayo kolesteroli nzuri, hata ikiwa kubwa haifuti madhara hayo. LDL ikifika 190, yaani 4.9, hata kama wewe ni mwembamba na unafanya mazoezi, muulize daktari kuhusu kolesteroli ya kurithi, inayompata takribani mtu 1 kati ya 250. Piga simu nyumbani: kuna mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyepata ugonjwa wa moyo mapema, mwanaume kabla ya miaka 55 au mwanamke kabla ya 65? Omba pia kipimo cha Lp(a), chembe ya mafuta inayofanana na LDL. Hurithiwa, huwa juu zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika, na haimo kwenye kipimo cha kawaida.

Daktari hupima hatari yote: umri, presha, kisukari, sigara, figo. Chakula na mazoezi husaidia, lakini kwa aliyerithi au aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo havitoshi peke yake. Statini, dawa za kushusha kolesteroli, huzuia ini kutengeneza kolesteroli, nalo likaanza kuvuta LDL kutoka kwenye damu. Dozi kali hupunguza LDL kwa nusu au zaidi. Kuongeza dozi maradufu huleta nyongeza ya asilimia 6 hivi tu, ndiyo maana mara nyingi ni bora kuongezewa dawa nyingine iitwayo ezetimibe, au sindano ya kushusha LDL ikibidi. Rudia kipimo baada ya wiki 4 hadi 12.

Kinachonisikitisha ni watu kuacha dawa majibu yakishakuwa mazuri. Ndugu zangu, majibu ni mazuri kwa sababu ya dawa. Ukiacha, LDL hupanda tena ndani ya wiki chache. Misuli ikiuma, mwambie daktari abadilishe aina au dozi. Maumivu makali pamoja na mkojo wa rangi ya kahawia ni dharura. Mweleze pia kama una mimba, unapanga kuzaa, au unatumia dawa za VVU, kwa sababu simvastatini, mojawapo ya statini, haichanganywi na ritonavir wala kobisistati zinazotumika kwenye tiba ya VVU. Ukisafiri, beba dawa za kutosha safari nzima na karatasi yenye jina halisi la dawa na dozi yake, maana jina la biashara hubadilika kila nchi.