Hesabu za karafuu ndani ya pakacha: MessagePack kuanzia kuiweka hadi kuiandikia maelezo

Msimu ukikolea hapa Wete, hesabu za mizani naziingiza kwenye laptopu kila jioni na kumtumia mtoto wa kaka yangu aliyeko Unguja, ndiye anayejumlisha. Zamani tulitumia JSON, mtindo wa kuandika data kama maandishi ya kawaida. Inasomeka kwa macho, sikatai, lakini kila mstari unabeba mabano, alama za kunukuu na nukta mbili, na mtandao wangu si wa kubebeshwa mizigo hiyo. Nikahamia MessagePack, mtindo wa kufungasha data aliouanzisha Mjapani Sadayuki Furuhashi. Laibrari yake ya Python, lugha ya kuandikia programu, ni ya chanzo huria, chini ya leseni ya Apache 2.0. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Hapa mchukuzi anapata nafuu na pakacha halivuji.

Hatua ya 1: Chukua mzigo penye mtandao

Usisubiri ufike shamba. Ukiwa mjini, andika kwenye terminal:

```
python3 -m pip download msgpack -d mizigo
```

Folda `mizigo` itie kwenye flashi. Kabla ya hapo hakikisha kompyuta zote mbili zina toleo moja la Python (`python3 --version`) na mfumo wa aina moja, kwa sababu faili utakalopata limeshatayarishwa kwa toleo hilo tu. Ukikuta mwongozo wa zamani unaotaja `msgpack-python`, upite. Siku hizi jina ni `msgpack`.

Hatua ya 2: Iweke

Mistari miwili ya mwanzo inaitengea kazi hii chumba chake cha Python, wa tatu unaweka laibrari humo:

```
python3 -m venv ~/karafuu
source ~/karafuu/bin/activate
pip install --no-index --find-links mizigo msgpack
```

Mstari wa kwanza ukigoma kwenye Ubuntu, unakosa `python3-venv`. Iweke kwa `sudo apt install python3-venv`. Hii inahitaji mtandao, basi ifanye ukiwa bado mjini.

Hatua ya 3: Fungasha gunia moja, ulitazame

Fungua Python kwa kuandika `python3`, kisha ingiza:

```
>>> import msgpack
>>> gunia = {"kituo": "Wete", "kilo": 48, "kavu": True}
>>> p = msgpack.packb(gunia)
>>> p
b'\x83\xa5kituo\xa4Wete\xa4kilo0\xa4kavu\xc3'
>>> len(p)
24
```

Rekodi hiyo hiyo kwa JSON, hata ukiondoa nafasi zote, ni baiti 38.

Usiipite mbio hiyo mistari. `\x83` inasema "vinakuja vitu vitatu vyenye majina". `\xa5` inasema "maandishi ya herufi tano", na kweli *kituo* ina herufi tano. `\xc3` ya mwisho ni "ndiyo". Sasa tazama baada ya *kilo*: pana 0. Mara ya kwanza nilidhani gunia langu limepotea njiani! Kumbe 48 imekaa ndani ya baiti moja, na Python ikikuta baiti yenye thamani 48 huichora kama herufi "0", maana ndiyo namba ya herufi hiyo kwenye ASCII, orodha inayoipa kila herufi namba yake. Ukifungua kwa `msgpack.unpackb(p)`, 48 yako inarudi salama.

Hatua ya 4: Achana na desimali

Namba kutoka 0 hadi 127 inachukua baiti moja. 48.5 inachukua tisa. Mimi naandika gramu: 48500 ni baiti tatu, na kujumlisha hakuleti videsimali vya ajabu. Tarehe nazo ziandike kama maandishi, "2024-09-14", kwa kuwa `packb` ikipewa tarehe ya Python kama ilivyo itaikataa.

Hatua ya 5: Andika maelezo, hapa usifanye haraka

Msimu mmoja nilikuwa na uga, yaani sehemu ya rekodi yenye jina lake, unaoitwa `kiasi`. Usiku simu ikalia kutoka Unguja: "Ami, hizi kumi na mbili ni kilo au pishi?" Sikuwa na jibu. Karafuu mbichi za wachumaji tulipima kwa pishi, kipimo cha ujazo, zilizokauka kwa mizani, na mimi zote nimezitia kwenye `kiasi`. MessagePack ilihifadhi 12 yangu bila kosa. Kumi na mbili za nini, si kazi yake kujua. Ilibidi niwazungukie wachumaji mmoja mmoja kuwauliza, na wewe fikiria utakavyotazamwa ukimuuliza mtu alichuma pishi ngapi wiki mbili zilizopita.

Tangu siku ile nina faili `SOMA.md`, na kila uga una mstari wake:

- `gramu`: namba kamili. Karafuu kavu, uzito wa gunia tupu umeshatolewa. Mfano 48500.
- `pishi`: namba kamili. Karafuu mbichi za mchumaji. Isigeuzwe kuwa gramu.
- `tarehe`: maandishi, mwaka-mwezi-siku. Ni siku ya kupima, si ya kuchuma.
- `toleo`: namba kamili. Sasa ni 2. Toleo la 1 lilikuwa na `kiasi`, lisijumlishwe na hili.

Aina ya data mtu anaweza kuiona mwenyewe akifungua faili. Kipimo, na nini kimeshatolewa, haoni popote.

Hatua ya 6: Yapime maelezo yenyewe

Tia ule mfano wa hatua ya 3 ndani ya `SOMA.md`, kisha iambie Python iuendeshe na kulinganisha majibu:

```
python3 -m doctest SOMA.md
```

Ikinyamaza, mifano yako ni ya kweli. Ikipiga kelele ilhali kila kitu kiko sawa, tazama mwisho wa mfano: acha mstari mtupu kabla ya zile alama tatu za kufungia, la sivyo Python inazihesabu kuwa sehemu ya jibu. Mimi zilinipotezea jioni nzima.

Malizia kwa `pip freeze > mahitaji.txt`, ndiyo orodha ya laibrari na matoleo yake, uiweke pamoja na `mizigo` na `SOMA.md` kwenye flashi hiyo hiyo.

Nilipomtumia mwanangu wa Unguja maelezo mapya, nilingoja anisifu. Akajibu kwa mstari mmoja: "Ami, na makonyo yamo ndani ya gramu?" Makonyo, vile vijiti vya karafuu, hayamo. Nimeongeza uga `makonyo_gramu`, na toleo sasa ni 3.