Somo: kuchora sura kwa peni kwenye karatasi ya kaki

Wakuu, leo sizungumzii kubana matumizi, nazungumzia rangi. Kwenye karatasi nyeupe utajaza mistari nusu siku ili uifikie rangi ya ngozi zetu. Kaki inakupa rangi hiyo kabla hujagusa peni.

Tangu Tanzania ipige marufuku mifuko ya plastiki Juni 2019, mifuko ya kaki imejaa madukani. Bahasha kuukuu nayo inafaa: ibandue kwenye gundi, tumia upande wa ndani. Mfuko wa saruji ni mgumu zaidi, ila ukung'ute nje, pua umefunika, kisha upanguse kwa kitambaa kikavu. Maji hapana! Mikunjo inyooshe kwa pasi ya moto mdogo.

Chukua peni ya kawaida, ya wino wa mafuta. Ya jeli hutambaa kwenye nyuzi za kaki na mstari unaota ndevu. Weka kando kipande cha karatasi cha kupangusia ncha, maana tone la wino likidondoka, aghalabu huchagua shavu.

Peni haifutiki, kwa hiyo anza kwa mkono mwepesi, vidole vikae mbali na ncha. Chora umbo la yai. Macho hukaa katikati, baina ya utosi na kidevu. Wengi huyapandisha kwenye paji la uso. Kati ya jicho na jicho iachwe nafasi ya jicho jingine.

Sasa finya macho uitazame picha unayoiiga. Vivuli vikubwa ndivyo vitakavyobaki: chini ya nyusi, ubavuni mwa pua, chini ya mdomo, shingoni. Anza na hivyo. Giza huja kwa kupishanisha mistari, safu juu ya safu, ikifuata mviringo wa shavu. Ukikandamiza, kaki inachubuka. Sehemu ya ngozi isiyo na kivuli iache kama ilivyo. Hapo ndipo wengi wanashindwa kujizuia.

Mwanga uje mwisho kwa penseli nyeupe: ncha ya pua, nukta kwenye mboni, basi.

MASWALI

Mkuu, nimekosea jicho, nifanyeje?
Usikwangue. Mstari mwembamba umeze ndani ya kivuli. Ukiwa mnene, bandika kiraka cha kaki ile ile uchore upya. Kitaonekana, mimi sioni aibu.

Shikamoo mwalimu. Mchoro utadumu?
Marahaba. Wino wa peni hupauka juani na kaki hubadilika rangi. Uhifadhi ndani ya daftari, mbali na dirisha. Kama ni kazi ya mteja, mwambie kabla hajalipa, na uipige picha siku hiyo hiyo.

Boksi la viatu je?
Upande wa ndani tu. Ule unaong'aa wino unachelewa kukauka. Nilishamnyoa bwana harusi ndevu zote kwa kiganja.