Pensheni Kenya: piga hesabu ya nafasi yako ya kodi kabla mwezi haujaisha

Mimi hufanya peiroli za kampuni ndogo ndogo, na kitu kinaniuma kila mwisho wa mwezi ni kuona mtu analipa kodi ambayo sheria imeshamruhusu asilipe. Pesa unayoweka kwa pensheni hutolewa kwenye mshahara kabla kodi haijapigwa, hadi kikomo fulani, na hiyo ndiyo nafasi yako ya kodi. Chukua slipu yako ya mwezi uliopita na kalkuleta, tuanze.

Hatua ya 1: Jua uko kwa pensheni gani. Kuna NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, hiyo ni lazima ukiwa umeajiriwa. Kuna skimu ya kazini, yaani mfuko wa pensheni wa kampuni, wewe unaweka na mwajiri anaongeza. Halafu kuna ya mtu binafsi, unajifungulia mwenyewe, na hii hata mama mboga na fundi wa jua kali wanaweza. Yoyote ile, uliza kama imesajiliwa na RBA (wasimamizi wa mifuko ya pensheni) na KRA (mamlaka ya kodi), maana bila usajili hakuna unafuu wa kodi hapo.

Hatua ya 2: Soma laini ya NSSF. Kuanzia Februari 2026 unakatwa asilimia 6 ya mshahara hadi kikomo cha 108,000, mwajiri anaweka kiasi hicho hicho. Shilingi 9,000 za kwanza ndizo daraja la kwanza, yaani 540, na hiyo haiendi kwingine ila NSSF. Ya juu yake ni daraja la pili, na mwajiri akikubaliwa na RBA anaweza kuipeleka kwa skimu nyingine. Kwa hivyo ukiona NSSF ni 540 peke yake na mshahara wako ni mkubwa, uliza ile nyingine inaingia wapi, na uonyeshwe stetimenti.

Hatua ya 3: Tafuta nafasi iliyobaki. Hapa ndipo wengi wanateleza. Tangu tarehe 27 Desemba 2024 kikomo cha michango ya pensheni isiyokatwa kodi kilipanda kutoka 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi, sasa mtu anasikia elfu thelathini anadhani ni yake yote. Hapana. Unaangalia vitu vitatu: pesa uliyoweka kweli, asilimia 30 ya mshahara unaohesabiwa pensheni, na hiyo 30,000, halafu unachukua iliyo ndogo kuliko zote. Na NSSF inahesabiwa humo humo ndani.

Tuseme unapata 60,000 na yote inahesabiwa pensheni. Asilimia 30 ni 18,000. NSSF imeshakula 3,600, umebaki na nafasi ya 14,400. Ukiongeza 5,000 kwa pensheni binafsi, PAYE, yaani kodi inayokatwa kwa mshahara, inashuka 1,500 kwa sababu sehemu hiyo ya mshahara wako inakatwa asilimia 30, kwa hivyo mfukoni umepungukiwa na 3,500 tu lakini kwa akaunti ya uzeeni imeingia 5,000 nzima. Fanya hiyo hesabu na namba zako, polepole.

Hatua ya 4: Mwambie mtu wa mishahara. Tafadhali usiruke hii. Kuna mwalimu wa shule ya kibinafsi aliniletea slipu zake, alikuwa anatuma 4,000 kila mwezi kwa pensheni yake kwa simu, na kazini hakuna aliyejua, PAYE ikawa inapigwa kama hajaweka kitu. Hiyo ni 1,200 kwa mwezi, 14,400 kwa mwaka, karo ya mtoto hiyo. Peleka barua pamoja na risiti za skimu. Kama mwaka umeshapita, iweke kwa ritani (taarifa ya kodi ya mwaka) kwenye iTax, mtandao wa KRA, kabla ya 30 Juni kupita, kwenye sehemu ya michango ya pensheni, na uombe kurudishiwa.

Hatua ya 5: Kabla hujatoa pesa. Sheria ya hiyo Desemba 2024 pia iliondoa kodi kwa mafao ya skimu zilizosajiliwa ukifika umri wa kustaafu, au ukitoka mapema kwa ugonjwa, au ukishakaa mwanachama miaka 20. Lakini ukiacha kazi ukiwa na umri wa miaka 35, bila kufikia lolote kati ya hayo, ukakimbilia kuzitoa, zinakatwa kodi. Ukihama kazi hamisha pesa yako kwa skimu mpya au ya binafsi, unajaza fomu, na kodi haikatwi.