Namna ya Kumzoea Muuguzi Mkongwe Unayemwogopa

Muuguzi mpya aliyepangwa wodi ya wazazi mara nyingi humwogopa muuguzi mkongwe kuliko zamu yenyewe, na dawa yake si kumkwepa. Fika mapema, mwamkie kwa "Shikamoo, Sista", kisha pokeeni zamu pamoja, kitanda kwa kitanda. Jaza patografu, yaani chati ya kufuatilia uchungu wa kuzaa, bila kuruka: kabla mama hajaanza kusukuma, mapigo ya moyo wa mtoto hupimwa angalau kila nusu saa, na yakishuka chini ya 110 au kupanda juu ya 160 kwa dakika, mwite mkongwe huyo mara moja, hata kama unahofia kukemewa. Ukali wake, naamini, mara nyingi ni hofu ya mtu aliyewahi kuona mama akifariki.

Mimi nilizoeana na wangu saa tisa usiku, tukipanga vifaa vya kuzalishia, nilipomuuliza alijifunzaje kuyasikia mapigo upesi vile. Aliushika mkono wangu, akauweka taratibu juu ya tumbo la mama aliyeturuhusu, akanionyesha ulipo mgongo wa mtoto, na baadaye akanimiminia chai kutoka chupa yake. Swali la namna hiyo liulize wodi ikiwa imetulia, kamwe si wakati mama anasukuma.