Nyanya za mwisho wa masika: kutoka kitaluni hadi bustanini

Masika yanapokatika mwishoni mwa Mei, udongo bado una unyevu na jua la Juni si kali. Ndio wakati wa kupandikiza nyanya. Ila miche haiotei siku hiyo: rudi nyuma wiki nne hadi tano, uzisie mbegu mvua ikiwa bado inanyesha.

Hatua ya 1: Kitalu

Chagua mahali ambapo kwa misimu mitatu hapajapandwa nyanya, biringanya, pilipili wala viazi mviringo. Mnavu nao uhesabu humo. Wengi huusahau, kumbe ni ukoo mmoja na magonjwa yao ni yale yale.

Inua tuta sm 15 hadi 20 ili maji yasituame, upana mita 1. Changanya debe moja la samadi iliyooza kwa kila mita ya mraba. Chora mistari yenye kina cha sm 1, umbali sm 15, dondosha mbegu kwa nafasi, fukia, tandaza nyasi kavu. Juu weka kichanja cha makuti, matone makubwa yasifukue mbegu.

Mbegu huchomoza baada ya siku 5 hadi 8. Zikianza tu, ondoa nyasi jioni ile ile. Ukichelewa siku mbili, miche inarefuka kama uzi na haitanenepa tena. Kisha ing'olee, ibaki sm 4 kati ya mche na mche. Ikibanana kwenye unyevu inashikwa na kinyaushi: shina linasinyaa usawa wa udongo, mche unalala.

Hatua ya 2: Kuikomaza miche

Wiki moja kabla ya kupandikiza, ondoa kichanja na punguza maji. Mche mzuri una majani 4 hadi 6, shina nene kama penseli, urefu kama sm 15. Ulioanza kutoa maua kitaluni utupe, hata kama unakuuma, utadumaa.

Hatua ya 3: Kupandikiza

Chimba mashimo, sm 60 kati ya mche na mche na sm 75 kati ya mistari. Kila shimo viganja viwili vya samadi na kifuniko kimoja cha soda cha DAP (mbolea ya kupandia), changanya na udongo, kisha funika kwa udongo mtupu. Mizizi ikigusa mbolea moja kwa moja inaungua.

Mwagilia kitalu, subiri saa moja, ng'oa mche na udongo wake. Panda jioni, ukizamisha shina hadi karibu na majani ya chini, maana shina la nyanya hutoa mizizi likifukiwa. Mwagia lita moja. Weka matandazo, yasiguse shina.

Hatua ya 4: Matunzo

Wiki ya tatu weka CAN (mbolea ya kukuzia), kifuniko kimoja cha soda kwa mche, sm 10 kutoka kwenye shina, udongo ukiwa na maji. Simika miti ya kuegemezea mapema, kabla mizizi haijatanuka. Aina ya nyanya iitwayo Money Maker hurefuka, hivyo punguza machipukizi ya kwapani. Aina za Tanya na Roma ziache, ni fupi na huzaa kwenye matawi hayo.

Mwagilia asubuhi, shinani. Majani yakilala na maji kwenye baridi, bakajani chelewa, ugonjwa unaobabua majani, hupita bustani nzima kwa siku chache. Kitako cha tunda kikiwa cheusi, usikimbilie dawa ya ukungu: mara nyingi ni kumwagilia leo mengi, kesho hakuna, na kalisiamu haifiki kwenye tunda. Vijia vipana vyeupe ndani ya majani huenda ni kantangaze, kiwavi wa nondo anayetoboa nyanya. Chuma majani hayo, uyachome.

Mche ukinyauka ghafla ungali kijani, kata shina karibu na udongo, ulitumbukize kwenye glasi ya maji safi. Uzi mweupe kama maziwa ukianza kushuka, huo ni mnyauko wa bakteria na dawa hakuna. Ng'oa, choma, na jembe ulioshe kabla ya kuligusisha kwenye tuta jingine.