Kununua nyumba Ujerumani: mkataba utaje makabati ya jikoni

Ndugu mnaotafuta nyumba Ujerumani, bei ya tangazo siyo mwisho wa gharama. Kodi ya ununuzi hutegemea jimbo: Bavaria asilimia 3.5, Nordrhein-Westfalen 6.5. Nyumba ya euro 300,000 italipiwa kodi ya euro 10,500 Bavaria, na 19,500 Nordrhein-Westfalen. Mthibitishaji wa mkataba (Notar) na usajili wa ardhi huchukua kama asilimia 2 nyingine, na dalali akiwepo naye ana chake. Benki nyingi hutaka pesa hizi zitoke mfukoni mwako.

Muuzaji akikuachia jiko na makabati yake, omba yaandikwe kwenye mkataba kando, kwa thamani yake halisi. Vitu vinavyohamishika kama hivyo havitozwi kodi ya ununuzi. Liseme mapema, mkataba ukiwa bado rasimu.