Giaboksi ya auto kwenye gari ya zamani: anza na oili kabla haijashushwa

Gari za Japani za miaka ya 90 bado zimejaa barabarani, Corolla, Carina, Mark II, na ukienda kwa fundi ukasema gia inachelewa kuingia jibu la haraka ni tushushe giaboksi tutafute ya mtumba. Subiri kwanza. Giaboksi ya auto inafanya kazi kwa presha ya oili, kuna pampu inazungushwa na injini, inasukuma oili kwenye klachi za ndani zinabana ndo gia inashika, sasa oili ikipungua au ikiungua presha inayumba na klachi zinateleza, injini inalia tu gari haiendi.

Kupima kwenye Toyota nyingi zenye stiki ya kupimia oili ya giaboksi: endesha mpaka ipate moto vizuri, paki tambarare, vuta handbreki, kanyaga breki upitishe gia zote taratibu kisha rudi P, injini ikiwa sailensa, yaani inawaka bila kukanyaga mafuta, chomoa stiki, ifute, rudisha, chomoa tena usome upande wa HOT. Honda ni tofauti, wao unazima injini ndo unapima. Na usijaze kupitiliza, oili ikizidi inapiga povu na povu halina presha.

Iangalie na uinuse. Nyekundu inayoonyesha upande wa pili, poa. Kahawia iliyokoza yenye harufu ya kuungua, klachi zimeshaanza kuisha. Ikiwa ya pinki nzito kama maziwa ya stroberi, zima gari hapohapo, maji ya rejeta yameingia, maana oili ya giaboksi inapoozwa ndani ya rejeta na ile sehemu ikitoboka vinachanganyika.

Aina ya oili ndo watu wanapigwa sana. Dukani oili hii wanaiita haidroliki, utaambiwa haidroliki ni haidroliki, sio kweli. Toyota nyingi za zamani zinatumia Dexron II au III, zilizofuata T-IV, Nissan Matic, Mitsubishi SP-III, na mara nyingi imeandikwa kwenye stiki yenyewe, soma. Ya CVT, yaani giaboksi ya mkanda isiyo na gia za hatua, usiguse kama gari yako sio CVT.

Halafu kuna huu usemi kwamba ukibadilisha oili giaboksi inakufa. Inayokufa ni ile ambayo haijabadilishwa miaka na ilikuwa inateleza tayari, oili mpya haifufui klachi. Kama bado inashika vizuri badilisha, mi naona kila kilomita 40,000 kwa foleni na joto letu inatosha. Ukifungua plagi chini inatoka sehemu tu, nyingine inabaki kwenye tokiconveta, ile inayounganisha injini na giaboksi, kwahiyo pima iliyotoka ujaze kiasi hichohicho, endesha wiki kadhaa, rudia. Mashine ya kusukuma oili yote kwa mpigo kwenye giaboksi iliyochoka siipendi. Mkishusha sampu, ile trei ya oili chini ya giaboksi, safisha sumaku zake, ungaunga wa kijivu ni kawaida, vipande vya chuma sio kawaida, na filta muione.

Kitu kinasahaulika ni ile kebo inayotoka kwenye throto (mlango wa hewa ya injini) kwenda giaboksi, zipo nyingi za enzi hizo. Fundi akifungua throto kusafisha akairudisha imelegea, presha inashuka, gia zinabadilika mapema na kuteleza, mnaanza kulaumu giaboksi bure. Ikikaza sana gia zinachelewa na kupiga kishindo. Na taa ya O/D OFF (ya overdrive) kwenye dashibodi ikiwa inapepesa yenyewe hiyo ni hitilafu, mfumo umehifadhi kodi, yaani namba ya tatizo, ipimwe kwanza.

Kwenye kuendesha, usiweke R gari ikiwa bado inaenda mbele. Kwenye mteremko kama Kitonga weka 2, breki zipumzike. Paki kwa handbreki kwanza ndo P, kile kipini cha P ni kidogo kubeba gari zima.

Ikiharibika njiani usiivute kwa kamba matairi yanayosukuma yakiwa chini, injini imezimwa pampu haizunguki, ndani kunasagana kukavu. Kusukuma iwake nako unajichosha bure, tafuta bregidauni au betri ya kuazima.